Disk ya Windows imepotea: kurudisha ya kiwandani, kupakua mpya, au kuhamia Linux?

Mwalimu wa Katuba
Jambo ndugu wa Lubumbashi. Nina laptop ya HP ya mtumba, i5 ya kizazi cha tano, RAM GB 4, inatumia Windows 10. Betri haishiki tena moto, kwa hiyo umeme ulipokatika katikati ya masasisho ikazimika papo hapo. Sasa inafika kwenye nembo, duara linazunguka, halafu inaanza upya. Disk ya kusakinishia Windows niliyopewa na muuzaji haionekani nyumbani. Fundi mmoja wa mjini anasema nimwachie hadi jioni, ataifomati na kuitia Windows ya kwake. Ndani mna pointi za wanafunzi na maswali ya mitihani. Ninyi mngechagua njia gani?

Fundi wa komini Kenya
Mwalimu, mashine hiyo isitoke mikononi mwako kabla pointi za watoto hazijatoka ndani. Hilo ndilo la kwanza, mengine yote yanafuata.

La pili, usiililie sana disk. Tangu Windows 8, mwaka 2012, watengenezaji wa laptop huandika ufunguo wa leseni ndani ya mashine yenyewe, kwenye chipu ya BIOS (programu inayoiwasha mashine). Disk ilikuwa ya kubebea programu tu. Na kama laptop yako ilitoka kiwandani na Windows 8 ikapandishwa hadi 10 kihalali, seva za Microsoft zinaikumbuka kwa ubao wake mkuu. Ukisakinisha toleo lile lile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, ikiingia intaneti leseni inarudi yenyewe. Wakati wa kusakinisha itakuuliza ufunguo: chagua « Je n'ai pas de clé de produit » (sina ufunguo), endelea.

Kabla ya kupakua chochote, jaribu kilichomo. Izime, iwashe huku ukigonga F11 mfululizo (kwenye Acer ni Alt pamoja na F10). Au iache ishindwe kuwaka mara mbili tatu, ukurasa wa bluu wa marekebisho utajitokeza. Nenda « Dépannage » (kutatua shida), kisha « Réinitialiser ce PC » (kuianzisha upya mashine). Hapo soma polepole: « Conserver mes fichiers » inabakiza faili zako na kuondoa programu ulizoongeza, « Supprimer tout » inafuta kila kitu. Nimeona watu wakibonyeza ya pili kwa haraka, wakaja kwangu wakilia.

Mwanafunzi wa Kasapa
Njia ya F11 ni nzuri ikiwa sehemu ya kiwandani bado ipo. Kwenye mashine za mtumba mara nyingi wameshabadilisha diski kuu au wameifuta sehemu hiyo ili kupata nafasi. Usiiwekee matumaini yote.

Mimi ningeenda Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Yako ni ya tano. Kuna namna ya kuikwepa sharti hiyo kwa Rufus, programu ya kutengenezea flashi, lakini Microsoft haikuahidi masasisho kwa mashine zilizoingizwa kwa mlango wa nyuma. Mint faili lake ni kama GB 3, halidai leseni, lina Kifaransa na kibodi ya AZERTY, na LibreOffice, programu za bure za kuandikia na za majedwali, imo tayari. Kwa RAM GB 4 chukua ile ya Xfce, ni nyepesi.

Na hata usipohama, Mint itakufaa leo hii. Inawaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Fungua folda ya « Users », nakili pointi kwenye flashi ya pili au diski ya nje, zima. Baada ya hapo fanya utakalo.

Mama wa Sekretariati
Mwanangu, ushauri wako wa kuokoa faili ni wa dhahabu. Wa kuhama ninaupinga kwa mtu kama Mwalimu. Kwangu wanaleta faili za LibreOffice kila wiki, jedwali limehama ukurasa, fomula za bulletin (ripoti za wanafunzi) zenye makro, yaani amri za Excel zinazojiendesha, hazifanyi kazi. Kama shule yake inadai Excel, atataabika kila mwisho wa kipindi. Kwa anayeandika barua na kusoma tu, Mint inatosha kabisa.

Mimi ningepakua Windows 10 ile ile kwenye ukurasa wa Microsoft wenyewe kupitia kompyuta nyingine. Chombo chao kinatengeneza flashi chenyewe, inatakiwa ya GB 8 au zaidi. Inakula mega kweli, hesabu kama GB 5, lakini flashi ile utaitunza na itawafaa majirani.

Papa Kampemba
Na disk ya yule fundi wa mjini? Ni rahisi na haraka. Wengi wetu ndivyo tunavyofanya.

Fundi wa komini Kenya
Papa, kwa heshima, ninaikataa. Disk hizo nyingi huja na programu ya kuvunja leseni, na kitu cha kwanza inachokudai ni uzime antivirusi. Unamfungulia mlango mtu usiyemjua, halafu unaandika humo nywila ya imeili na maswali ya mitihani. Mteja aliye na leseni halali ndani ya BIOS anawekewa ya wizi na kulipishwa juu! Hilo linaniumiza. Wenye mashine kongwe za Windows 7 tu ndio hawana ufunguo wa aina hii kwenye BIOS. Wao watazame kibandiko chini ya laptop au chini ya betri, ingawa Windows 7 yenyewe iliachwa tangu Januari 2020.

Mwalimu wa Katuba
Aksanti sana wote. Nimewasha Mint kwa flashi ya jirani, lakini diski inaonyesha kufuli na inaniomba ufunguo.

Mwanafunzi wa Kasapa
Hiyo ni BitLocker, Mwalimu, kufuli ya Windows inayoficha yaliyomo kwenye diski. Ufunguo wake una tarakimu 48. Kama uliwahi kuingia kwenye laptop hiyo kwa akaunti ya Microsoft, ingia kwenye akaunti ile ile kwa simu, tafuta vifaa vyako, ufunguo unaweza kuwa umehifadhiwa hapo. Usifomati kabla ya kuutafuta: bila huo, faili hazitasomeka, hata diski ukiitia kwenye mashine nyingine.

Mwalimu wa Katuba
Nimeupata! Folda ya pointi inanakiliwa sasa hivi. Shule inadai Excel, basi nitaanza na « Conserver mes fichiers », ikigoma nitafuata njia ya Mama. Tatizo ni betri.

Mama wa Sekretariati
Usithubutu kuifanya kwa umeme wa mtaa peke yake, ukikatika tena utarudi palepale. Njoo Jumamosi asubuhi kwenye sekretariati, tuna invata na betri kubwa. Leta chaja yako na flashi isiyo na kitu cha maana, maana ikitengenezwa inafutwa yote. Na zile pointi ziache nyumbani kwenye diski nyingine, usizibebe kwenye flashi hiyo hiyo.