Mjadala: Muuza gari atume picha ya logbuku (hati ya umiliki wa gari), au mnunuzi aje aione mwenyewe?

Ndugu zangu wa Mombasa, naomba tulizungumze hili waziwazi, maana limetufika nyumbani.

Kaka yangu alitaka kuuza Vitz yake kwa shilingi 520,000. Akapiga picha kumi na kuzibandika Facebook: gari liko mbele ya lango letu la kijani hapa Tudor, namba ya usajili inasomeka, mwanawe amesimama ubavuni na sare ya shule. Wanunuzi wakaanza kumwandikia, na wote neno lao la pili ni moja: "Tuma logbuku tuone kama gari ni lako." Akatuma. Mmoja akasema bado hajaridhika, kaka akamtumia na kitambulisho, mbele na nyuma.

Siku ya tisa asubuhi, mzee mmoja akabisha hodi. Alikuwa ametoka Voi alfajiri. Mkononi ana simu, na kwenye skrini ni lango letu. "Nimekuja kumalizia hesabu nichukue gari langu," akasema. Kumbe alishatuma arbuni ya shilingi 40,000 kwa mtu aliyejiita jina la kaka yangu, na mtu huyo akamwonyesha logbuku ya kaka yangu na kitambulisho cha kaka yangu, bei 350,000 eti kwa sababu kuna mgonjwa hospitali. Mama alimkaribisha kiti, akamtilia chai. Mzee hakuigusa. Alikuwa akiliangalia gari lile, hatua tano tu kutoka alipoketi, na ukimtazama usoni unajua anatuona sisi ndio wezi. Tukaenda naye kituoni, ikaandikwa kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi, na saa nzima anayehojiwa ni kaka.

Msimamo wangu ni huu: picha ya logbuku isitumwe kwa mtu ambaye hujakaa naye. Karatasi ile ina jina lako kamili, PIN ya KRA (namba yako ya kodi), namba ya chesisi na ya injini. Na haithibitishi lolote, kwa sababu picha inahama simu hadi simu na kila aliyenayo ni "mwenye gari". Mnunuzi anayetaka hakika apewe namba ya gari, aingie eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, alipe shilingi 550 za kutafuta rekodi ya NTSA, mamlaka inayosajili magari, aone gari limesajiliwa kwa nani. Halafu aje aonane na mtu mwenye jina hilo, ashike kitambulisho chenyewe mkononi.

Nani anapinga?

Dalali, Bamburi

Pole sana dada, na mpe pole kaka. Lakini mimi napinga. Hii kazi nimeifanya miaka kumi na mbili, na ukiniambia nisitume logbuku umeniambia nifunge duka. Mteja wangu yuko Malindi, mwingine Taveta. Apoteze nauli na siku nzima kwa neno langu tupu? Mwenye yadi ana ofisi, ana bango, ana mlinzi mlangoni. Mimi ofisi yangu ni simu, na logbuku ndiyo heshima yangu kwa mteja.

Na hiyo namba ya gari watu wanayoifunika kwa kidole kwenye picha, inafichwa nini? Kila siku inapita Makupa watu wote wakiiona. Muuzaji anayeficha ficha ndiye anayenitia wasiwasi mimi. Mkiwafundisha watu kuficha, mwizi atapata pa kujibanza: naye atasema "sitoi logbuku, ni siri yangu".

Mstaafu wa benki, Ganjoni

Naona mnagombania karatasi, na mimi niliona watu wengi wakilia kwa sababu ya malipo. Mnunuzi huja Ijumaa jioni au Jumamosi mchana, benki zimefungwa. Anaonyesha risiti ya kuweka hundi, au ujumbe wa M-Pesa. Muuzaji anatoa funguo. Jumatatu hundi inarudi.

Wanangu, M-Pesa haipitishi zaidi ya shilingi 250,000 kwa mara moja. Ukiona ujumbe mmoja unasema umepokea 480,000, huo umeandikwa na mtu kwa vidole vyake. Na hata ukiwa wa kiasi kidogo, usisome ujumbe, angalia salio lako. Kwa pesa ya gari, nendeni pamoja benki, Nkrumah Road au Moi Avenue, siku ya kazi, mkae pale mpaka karani aseme imeingia.

Fundi wa funguo, Mwembe Tayari

La kwangu ni fupi. Msipige picha ya ufunguo. Watu wakinunua gari wanainua ufunguo juu, wanapiga picha ya furaha. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego walionyesha kwamba ufunguo unaweza kuchongwa kutokana na picha tu, hata iliyopigwa kwa mbali. Magari mengi ya sasa yana chipu, kwa hiyo injini haiwaki kwa chuma kitupu, lakini mlango wenye tundu la ufunguo utafunguka. Ndani mna nini, wewe wajua.

Mama wa magari ya kukodisha, Nyali

Mnajadili kuuza. Mimi nakodisha, na niwaambie kwangu mambo ni kinyume: kilichoniokoa ni kuanika. Mteja alichukua gari la siku tatu, akatoa kitambulisho, akalipa taslimu. Siku ya pili traka, kile kifaa cha kuonyesha gari liko wapi, ikanyamaza. Nilibandika kitambulisho chake na picha yake kila mahali. Baada ya siku nne nikapigiwa simu: gari limewekwa rehani kwa mkopeshaji huko Ukunda. Ningekaa kimya lingevuka Lunga Lunga, na likishaingia Tanzania ningelitafutia wapi? Sheria inamlinda mwizi, sisi tunalindwa na nani?

Kijana wa Kisauni

Mama, shikamoo. Nafurahi gari lako lilirudi. Ila mwaka jana sura iliyozungushwa hivyo ilikuwa yangu. Nilikuwa nimetuma picha ya kitambulisho kwa mtu aliyesema ana kazi ya bandarini. Kumbe akaitumia kukodi gari. Mwenye gari akaniweka mtandaoni, "mwizi huyu, akionekana ashikwe". Nilikaa ndani ya nyumba wiki mbili. Hapa mtaani, neno mwizi likitamkwa hakuna anayesubiri maelezo.

Mama, yule wa kwako ulihakikisha sura ya kitambulisho ni ya aliyesimama mbele yako? Kama ulihakikisha, peleka kwa polisi na kwa wenzako wanaokodisha. Katiba Kifungu cha 31 inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaniruhusu kulalamika kwa Kamishna wa Data, lalamiko likamalizwe ndani ya siku 90. Lakini siku 90 ni nyingi kwa mtu anayeogopa kwenda dukani.

Mwenye mada, Tudor

Nimewasoma wote, na mdogo wangu wa Kisauni umeniliza.

Kaka dalali, kwenye namba ya gari umenishinda. Bila hiyo namba mnunuzi hawezi kutafuta rekodi, basi apewe. Lakini heshima yako kwa mteja wa Taveta ni hiyo rekodi atakayoilipia mwenyewe, hata 550 ukimrudishia wewe kwenye bei. Logbuku unayomtumia si yako, ni ya mwenye gari, na PIN ni yake. Je, unamwomba ruhusa kila unapoisambaza? Na kama ni lazima utume, basi andika juu ya picha, kwa herufi kubwa katikati, jina la unayemtumia na tarehe, ufunike PIN na chesisi. Mwizi atapata taabu kumtapeli mtu wa pili kwa karatasi yenye jina la wa kwanza.

Na jambo moja nililisahau. Yule aliyedai hajaridhika alimwambia kaka pia: "Nitumie ile namba ya siri iliyoingia kwenye simu yako, ni ya kuhakikisha." Kaka hakutuma, alhamdulillahi. Kuhamisha umiliki wa gari huanzwa na muuzaji kwenye akaunti yake ya eCitizen. Angeingia mtu mwingine humo kwa namba hiyo ya siri, tungekuwa tunazungumza habari ya gari lenyewe, si ya arbuni.

Mzee wa Voi bado tunazungumza naye. Pesa yake haijarudi. Vitz ilishauzwa kwa mwalimu wa Kilifi aliyekuja na mkewe, wakatafuta rekodi wakiwa wameketi barazani kwetu. Lakini leo asubuhi nimeona tena lile tangazo la uongo, kwa jina jingine la muuzaji. Lango letu la kijani lipo, mtoto na sare yake yupo, na bei sasa ni 280,000. Nimeripoti mara nne. Mwenye kujua njia ya kuliondoa aniambie.