Bahari inamega kiwanja cha familia Ununio: nijenge ukuta wa mawe au nimwage kifusi?

Mwana_wa_Ununio:
Wakuu, salaam. Marehemu mzee alituachia kiwanja Ununio, Dar es Salaam, kimepakana na bahari. Zamani mbele ya uzio palikuwa na mivinje na mchanga tele, watoto wanacheza mpira. Sasa mivinje imeanguka, na bamvua la kipindi cha kusi linagonga msingi wa uzio. Jirani wa upande wa kusini alijenga ukuta wa mawe ulioingia baharini. Kwake mchanga umejaa, kwangu unaisha. Fundi anataka nami nijenge kama huo, eti mawe ya Kunduchi yapo karibu. Dada anasema tumwage kifusi tu, yaishe. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

Pweza_Mkavu:
Uza. Ila mnunuzi umpeleke maji yakiwa yamekupwa 😂

Fundi_Gati:
Mkuu, huyo fundi anataka kukufanya uwe kama jirani yako. Wakati wa kusi mawimbi hupiga mshazari na kuusukuma mchanga kaskazini. Ukuta ulioingia baharini unaukamata upande wa kusini, wa kaskazini anakosa, na wa kaskazini ndiye wewe. Ukijenga wako, anayefuata ndiye atakayefungua uzi kama huu. Mambo haya yalianza zamani: hoteli ya Africana ililiwa na bahari hadi ikaachwa, leo jina tunalisikia kwa makonda wakitaja kituo.

Amua kwanza unaokoa nyumba au ufukwe, maana mawe hayazai mchanga. Kama ni nyumba, usisimamishe ukuta wima. Wimbi likiugonga linarudi na nguvu zake, linachimba mguuni, na siku moja ukuta unalala. Panga mawe kwa mteremko: chini kitambaa cha kuchujia ili udongo usinyonywe, juu yake mawe madogo, kisha makubwa. Safu ya chini kabisa izikwe chini zaidi kuliko mchanga unavyoweza kushuka. Watu wengi hubana hela hapo, na hapo ndipo kazi inapofia.

Kifusi sahau. Wimbi likiwa refu mara mbili, jiwe la kulihimili linatakiwa liwe zito mara nane hivi. Tofali lililovunjika litasombwa tu hadi kwa jirani. Na mawe ya Kunduchi ni ya matumbawe ya kale, mepesi, yana matundu. Tafuta mawe magumu ya Lugoba, ingawa nauli ya lori itakuuma.

Bibi_Mwambao:
Mwanangu, kabla ya lori kuna sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka baharini. Nenda NEMC, baraza la mazingira, mapema, anzia serikali ya mtaa. Halafu tusimlaumu jirani peke yake: mchanga wa ufukweni huletwa na mito, na pale Mto Tegeta watu wanauchota kwa malori. Miamba iliyokuwa ikivunja mawimbi nayo tumeilipua kwa baruti za kuvulia samaki. Bahari inatudai.

Mwana_wa_Ununio:
Shikamoo bibi, asante. Fundi_Gati, je, gabioni, yale makasha ya waya yaliyojazwa mawe? Ni nafuu.

Fundi_Gati:
Maji ya chumvi yanakula waya, mawe yanamwagika, na waya uliokatika unachana miguu ya watu. Kwa bustani sawa, kwa bahari hapana. Jambo jingine: usijenge kipande cha kiwanja chako pekee. Bahari huzunguka pale mawe yanapoishia na kumega zaidi. Kaeni majirani, mchange. Na kabla ya yote piga vigingi ufukweni, pima mchanga mwisho wa kusi na mwisho wa kaskazi. Pepo zikigeuka, mchanga kiasi hurudi.

Mwana_wa_Ununio:
Nimempigia jirani wa kaskazini. Kumbe keshalipia kifusi, lori lipo njiani! Ngoja nikamzuie.