Naomba ushauri: kijana wangu kidato cha kwanza anazidiwa na kazi za nyumbani

Habari zenu wakuu, na shikamooni kwa wakubwa. Mimi ni mzazi, niko Ipuli hapa Tabora. Kijana wangu ameanza kidato cha kwanza shule ya wavulana ya Kanisa Katoliki, ni wa kutwa. Nidhamu sina shida nayo, mapadri wanasimamia vizuri, na ada nililipa nikijua nafuata nini.

Tatizo ni kazi za nyumbani. Anafika jioni amechoka, ana hesabu, ana baiolojia, ana historia, na kesho yake asubuhi madaftari yanakusanywa. Katoka shule ya msingi ya Kiswahili, sasa kila kitu Kiingereza. Juzi nimemkuta ananakili aya nzima ya baiolojia kutoka kitabuni, neno kwa neno mpaka namba ya mchoro. Nikamwuliza kwa Kiswahili mizizi ya mmea inafanya nini, akanieleza vizuri tu! Daftarini ana vema, lakini alichoandika hakielewi.

Mama yake anataka tuition ya jioni. Mimi naona ni kumwongezea mzigo, mtoto atalala saa ngapi? Na mwakani kuna mtihani wa taifa wa kidato cha pili, ukifeli unarudia darasa.

Waliosomesha shule za namna hii, mlifanyaje? Nimwone mwalimu wa darasa kwanza au niende moja kwa moja kwa padri mkuu wa shule? Na walimu mliomo humu, mzazi akiomba mtoto apunguziwe kazi mnamwonaje?