Mrejesho: Tinga ya kuku bila chipotle ya kopo

Habari za jioni wakuu. Niliuliza namna ya kupika tinga, ile kuku ya kuchambua ya Puebla kule Mexico, wakati chipotle za kopo, zile pilipili za moshi, sizipati mtaani kwangu. Ahsanteni sana, imekubali.

Nilichukua mapaja badala ya kidari kama mlivyosema. Nikayachemsha moto mdogo na kitunguu, saumu na chumvi hadi nyama ikawa inaachia mfupa yenyewe. Ichambue ikingali ya moto: uma mbili tu, inafunguka nyuzinyuzi. Ikipoa inakuwa mbishi.

Chipotle ni jalapeño iliyoiva ikakaushwa kwa moshi, hivyo aliyesema pilipili kavu peke yake italeta ukali bila ule moshi alikuwa sahihi kabisa. Nilibabua nyanya na pilipili kavu kwenye jiko la mkaa, nyanya mpaka maganda yakawa meusi, nikasaga na paprika ya moshi, oregano na siki kidogo. Vitunguu vingi nikavikaanga vikalainika, nikamimina rojo, kisha kuku. Iache ikaukie. Sukari niliiruka, nyanya zilikuwa tamu zenyewe.

Kilichonishinda ni tostada, zile chapati kavu za mahindi za kuliwa na tinga. Unga wa sembe haushikani kama masa, ule unga wa mahindi wa Mexico, maana mahindi ya masa huchemshwa kwanza na chokaa. Tukala na chapati, parachichi juu. Mmexico angeguna, ila sufuria ilifutwa. Anayejua unga wa masa unakouzwa Dar anishtue.