Mtoto anasema 989 ni kubwa kuliko 1,002, nimsaidieje?

mama_wa_uyole:
Habari za jioni wakuu. Nina binti yuko la tatu huku Uyole, kujumlisha na kutoa anaenda vizuri tu ila maswali ya kulinganisha namba na kupanga kuanzia ndogo hadi kubwa yanamtoa jasho. Ukimpa 989 na 1,002 anachagua 989, ukimuuliza kwa nini anakwambia "si ina tisa na nane na tisa mama, hiyo nyingine ina masifuri tu". 407 na 470 kwake ziko sawa, eti tarakimu si ni zilezile. Shuleni wamechorewa jedwali la maelfu, mamia, makumi na mamoja, analichora kwa rula likapendeza na kujaza anajaza, ila swali likija bila jedwali kapotea. Naanzia wapi bila kumkaririsha?

ticha_mafinga:
Kamwene dada. Nafundisha madarasa ya chini na hilo la 989 tunakutana nalo kila mwaka. Mtoto anafikiri vizuri tu, anaangalia ukubwa wa tarakimu, bado hajaona kwamba tarakimu thamani yake inategemea imekaa wapi. Kwenye 989 ile 9 ya kushoto ni mia tisa, ya kulia ni tisa basi.

Daftari weka pembeni kwanza. Tafuta njiti za kiberiti au vijiti vya fagio, afunge kumi kumi kwa mipira ya kufungia hela, mafungu kumi yakitimia ayafunge pamoja hiyo ndo mia. Afunge mwenyewe usimfungie, ukimfungia anaona fungu tu haoni kumi. Halafu mwambie atoe 107 na 170 (ya 407 utamaliza fagio la watu). Huku fungu la mia na vijiti saba, huku fungu la mia na mafungu saba ya kumi. Hapo unanyamaza tu unamwangalia.

Akishaona hivo ndo unampa utaratibu. Ahesabu tarakimu kwanza, kwenye namba nzima isiyoanza na sifuri yenye tarakimu nyingi ndo kubwa. Zikiwa sawa aanze kushoto, alinganishe nafasi kwa nafasi, pale zinapotofautiana asimame hapohapo. 5,381 na 5,379: maelfu sawa, mamia sawa, makumi 8 na 7, imeisha, ile 9 ya mwisho haina ubavu. Na akiuliza kwa nini haina (wapo wanaouliza, hao ndo raha ya kazi) mwonyeshe 999, umejaza tisa kila nafasi na bado haijafika 1,000.

mzee_wa_mwanjelwa:
Mimi sio mwalimu nauza nafaka, ila mnamzungusha mtoto na vijiti wakati hela anazijua. Mwekee noti moja ya buku na sarafu tisa za mia mezani muulize achukue ipi. Hakuna mtoto wa Mbeya atakosa hiyo 😂

ticha_mafinga:
Mzee hiyo nzuri sana, maana vitu tisa vinashindwa na kimoja na anaona sababu. Ila dada ukitumia hela bakia na za 10,000, 1,000 na 100 tu. Ukichanganya jero, elfu mbili na elfu tano jedwali linavurugika, maana hizo hazina nafasi yake. Za kumi na za moja kateni karatasi muandike, siku hizi hata dukani huzioni.

kijana_wa_tukuyu:
Naongezea kwenye kupanga. Watoto wengi wakiandika namba juu na chini wanazisawazisha kushoto, unakuta 989 na 5,895 zimeanzia mstari mmoja, yaani 9 ya mamia imekaa chini ya 5 ya maelfu, hapo lazima akosee. Asawazishe kulia, mamoja chini ya mamoja. Mi nilimpa mdogo wangu urefu wa milima kwa mita: Kilimanjaro 5,895, Rungwe kama 2,960, Loleza kama 2,656. Kilimanjaro inatoka mapema kwenye maelfu, Rungwe na Loleza zinabanana maelfu yote 2 ndo unashuka kwenye mamia, 9 na 6. Alipenda maana Rungwe anaiona akitoka nje.

Na zile alama > na < aziache mwisho. Mwingine anajua kabisa ipi kubwa ila anageuza alama, anapigwa mkasi bure.

fundi_iringa:
Ticha hiyo ya tarakimu nyingi ndo kubwa itakuja kuwageuka kwenye desimali. Wa kwangu yuko la sita anasema 3.12 ni kubwa kuliko 3.5 sababu ni ndefu.

ticha_mafinga:
Ndo maana nimesema namba nzima mkuu. Kwenye desimali kuhesabu tarakimu anaacha, ila kuanzia kushoto kunabaki: 3 na 3 sawa, sehemu za kumi 1 na 5, basi 3.5 kubwa. Akibisha aandike 3.50.

mama_wa_uyole:
Asanteni sana, fagio nimeshalivunja hapa 😅 Nikimaliza nimpe 1,010 na 1,001 au bado mapema?

ticha_mafinga:
Mpe, ila jibu tu lisikutoshe, akwambie na nafasi gani imeamua.