Mrejesho: "Dispense with" kwenye barua ya chama

Hamjambo ndugu zangu. Ni mimi niliyeuliza juu ya barua ya mwenyekiti wa chama chetu hapa Kondele, Kisumu: "We shall dispense with the reading of the minutes." Mimi ndiye katibu, na nilidhani naambiwa nigawe kumbukumbu za mkutano, maana "dispense" nalijua kutoka dirisha la dawa. Nilikuwa nimeshachapisha nakala 30.

Mlinisahihisha, asanteni sana. "Dispense" peke yake ni kugawa. Ikifuatwa na "with" maana inageuka: kuacha kitu, kuendelea bila hicho. Mwalimu mmoja wa mtaani akanieleza kwamba asili ni Kilatini, neno la kupima na kugawa, kisha kanisa likalitumia kwa kumwondolea mtu sharti la sheria. Hapo ndipo moyo ulitulia.

Jumamosi nikaandika mwenyewe: "The reading of the minutes was dispensed with." Hiyo "with" ya mwisho nilitaka kuifuta, sentensi ilionekana kama imekatwa mkia. Lakini haiondoki, ukiitoa, umesema usomaji uligawiwa watu. Mwenyekiti aliipitisha bila kugusa neno.

Juzi jirani yangu, mama wa watoto watatu, amenibishia hodi na barua ya kazini: "dispense with your services". Nilikaa naye, nikamweleza polepole kwa Kiswahili kwamba ameachishwa kazi.