Ulinganisho: 110R, SO4 au Ramsey kwa mizabibu ya kubebesha?

Mpogoleaji
Wakuu, habari zenu. Nataka kupanda mizabibu ya kubebesha na nimekwama kwenye shina la chini, ile sehemu yenye mizizi inayobebeshwa. Muuza miche anasema nichukue 110R, "haina shida popote". Rafiki yangu anaapa kwa SO4, mwingine kaniambia Ramsey ndiyo mpango mzima. Kikonyo, yaani kijiti cha juu kitakachozaa zabibu, nimeshachagua, hicho hakinisumbui. Shamba lina mteremko: juu udongo mwembamba wenye mawe meupe, chini mfinyanzi mzito unaoshika maji wiki nzima mvua ikinyesha. Pembeni kuna ukanda wa kichanga, nilikuwa nalima nyanya. Nani amezitumia hizi akaona tofauti kwa macho yake?

KisuKikali
Mkuu, anayekwambia shina halina shida popote anakuuzia alichonacho kitaluni.

110R nimekaa nayo miaka 12. Kwa ukame naipa saluti. Lakini mwanzoni inakera: juu imedumaa, watu wanakupa pole, kumbe chini inashusha mizizi. Kitaluni nako vipandikizi vyake vinasumbua kutoa mizizi. Na inachelewesha zabibu kuiva, kwa sababu mti unaendelea kurefusha matawi wakati ulipaswa kutulia. Kwenye maji yaliyotuama usithubutu kuipeleka.

Angalia na 1103 Paulsen. Ni ndugu yake kabisa, zote ni uzao wa berlandieri na rupestris, ila Paulsen inatoa mizizi kirahisi zaidi, inavumilia unyevu kuliko 110R, na chumvi kiasi haiipigi chini.

Mgeni_Shambani
Samahani naingilia. Kwani lazima kubebesha? Si unakata tu kijiti, unachomeka ardhini, kinaota?

MamaKitalu
Kinaota vizuri tu, mwanangu. Shida inakuja baadaye. Kuna kidudu kinaitwa filoksera, asili yake Amerika Kaskazini. Kiliingia Ufaransa miaka ya 1860 na mizabibu ikafa shamba kwa shamba, kwa sababu mzabibu wa Ulaya, vinifera, mizizi yake haina kinga nacho. Ile ya mwituni kule Amerika, riparia, rupestris na berlandieri, ilikua pamoja na kidudu hicho ikakizoea. Ndipo watu wakaweka mizizi ya Amerika chini na tunda la Ulaya juu. Chile bado wana mizabibu mingi inayosimama kwa mizizi yake kwa sababu kidudu hakijafika, na kwenye mchanga mtupu nako kinashindwa kustawi. Kama hauko kwenye hali hizo, bebesha.

Sasa Mpogoleaji, hayo mawe meupe ndiyo yamenishtua. Chimba shimo la mita moja, chukua udongo kila sentimita 30, udondoshee siki. Ukichemka povu, una chokaa, na hapo majina yote uliyotaja yanapangwa upya. Chokaa ikizidi mzabibu hauwezi kutumia madini ya chuma: majani machanga yanageuka manjano, mishipa tu ndiyo inabaki kijani. Shina la Riparia Gloire linavumilia mpaka kama asilimia 6 tu ya ile chokaa laini inayodhuru. 110R, Paulsen na SO4 zinafika kama 17. 41B inafika 40, kwa sababu ni mtoto wa berlandieri na vinifera. Berlandieri ndiyo ya kushukuru hapo. Mfaransa Viala alivuka bahari mwaka 1887 kuisaka huko Marekani, akaikuta Texas ikiota juu ya mawe ya chokaa. Ila peke yake haitoi mizizi kwa kijiti, ndiyo maana unaiona kwenye machotara tu.

Na huko kwenye nyanya, ng'oa magugu uangalie kama mizizi ina vinundu vya minyoo fundo, vile viminyoo vya udongoni vinavyoshambulia mizizi.

Zamani_Sana
Mimi naongeza moja. Msiguse shina lenye damu ya vinifera kama hamjui mnachofanya. AXR1 ilipendwa California kwa kuzaa sana, mama yake ni Aramon, vinifera. Miaka ya 1980 filoksera ikaimaliza, watu wa Napa na Sonoma wakang'oa na kupanda upya.

MamaKitalu
Kweli, kaka, lakini 41B nayo ina nusu vinifera na iko Champagne na Cognac, kule Ufaransa, tangu zamani. Si kila chotara ni AXR1. Udhaifu wa 41B ni minyoo fundo na udongo wenye maji mengi.

Mpogoleaji
Nimerudi, mikono ina malengelenge. Nimechimba mashimo matatu.

Juu: siki imechemka kama soda, tena kadiri ninavyoshuka ndivyo inavyozidi. Maabara wamesema chokaa laini ni asilimia 14 juujuu na 21 kwenye sentimita 60. Chini kwenye mfinyanzi: kimya, hata povu moja. Kwenye kichanga nimeng'oa mnavu, mizizi ina vinundu kama shanga zilizotungwa. Maji ya matone ninayo.

KisuKikali
Asilimia 21 hapo 110R imeshaondoka mezani, na Paulsen pia. Usidanganywe na ile 14 ya juujuu, mizizi itashuka tu. Mimi ningeweka 140 Ruggeri kwa ajili ya ukame.

MamaKitalu
Ruggeri ni ngumu, sikatai, lakini kwa 21 utakuwa unatembea ukingoni. Kwa kuwa ana maji ya matone, ukame si hoja kubwa. 41B juu, bila wasiwasi.

Zamani_Sana
Kichangani Ramsey. Kwa minyoo fundo sijaona mfano wake.

KisuKikali
Ramsey ukiilisha vizuri inageuka msitu, mzee wangu. Nilipogolea mpaka kiganja kikaota sugu, mashada yakawa na punje za kuhesabu. Kichanga cha nyanya kimelishwa mbolea miaka yote. Hapo SO4 inatosha, shina hilo linavumilia minyoo vizuri. Ila apime madini ya magnesi mapema, SO4 ina uvivu wa kuichukua.

Zamani_Sana
Kama kina mbolea nakubali. Mimi yangu ilikuwa mchanga fukara.

MamaKitalu
Mfinyanzini weka 101-14. Haina papara ya kukua, inawahisha zabibu kuiva, na udongo mzito wenye unyevu inauweza. Lakini chimba mtaro kwanza, wiki nzima ya maji ni nyingi kwa shina lolote. Na maungio yakae juu ya udongo, angalau upana wa kiganja. Ukifukia, kikonyo kinatoa mizizi yake, zile za shina zinadhoofika, na filoksera ikija inakuta vinifera. Nimeona safu nzima iliyopandwa na vibarua wenye haraka ikaenda hivyo.

Mpogoleaji
Nimeagiza: 41B juu, SO4 kichangani, 101-14 chini, mtaro naanza Jumatatu. Muuza miche kaniuliza mara mbili kama nina uhakika sitaki ile isiyo na shida popote.